Nimeishika Dhahabu ya Katanga, Jamani, Nimeishika!

Wee! Rafiki yangu, weka chini hicho ulichoshika unisikilize! Nimeishika! Kwa mikono yangu hii miwili, mchana kweupe, hapa hapa Nchelenge, upande wa Zambia, ziwa Mweru likimetameta mbele yangu na harufu ya chisense, wale samaki wadogo, walioanikwa ikinijaa puani, nimeishika sarafu ya dhahabu ya Katanga. Si picha ya kwenye simu, si kitu kilichopakwa rangi kikang'arishwa ili kumhadaa mgeni. Dhahabu ya kweli, nzito, nyororo, ya manjano iliyokolea kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, imejilaza katikati ya kiganja changu nami nimesahau hata kupumua. Na bado!

Bado, kwa sababu sijakueleza ilivyoingia mkononi. Mwenye mali ni mzee mmoja aliyezaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, akavuka ziwa zamani sana na kuanza maisha huku. Jina lake silitaji na nyumba yake sikuelekezi, maana mwenye dhahabu chumbani hatangazwi. Nilifika barazani nikapiga magoti, nikapiga makofi taratibu inavyopasa, nikamwamkia, "Mwapoleni mukwai, tata." Akaitikia, akanitazama kwa muda, kisha akahamia kwenye Kiswahili chake cha Lubumbashi, kile kitamu kinachokwenda kwa mapigo yake: "Fungua mikono, mwana. Yote mbili. Halafu funga macho."

Nikafumba macho. Kwenye kiganja cha kushoto kikatua kitu cha mviringo, cha baridi, cha kawaida tu. Sarafu, nikajisemea, sawa. Halafu kwenye kiganja cha kulia... mama yangu! Mkono ulishuka! Nakuapia mkono ulishuka wenyewe kabla sijauambia kitu, maana vidole vilikuwa vimejiandaa kupokea mzigo mdogo vikapokea mwingine kabisa. Nikafumbua macho nikaona sarafu mbili pacha. Ukubwa mmoja, picha moja, maandishi yale yale, mwaka ule ule. Ya kushoto ya bronzi, imekolea weusi wa miaka mingi. Ya kulia dhahabu. Nayo inakaribia uzito wa mara mbili ya mwenzake! Macho yanakwambia ni kitu kimoja, mkono unakataa katakata, na wewe uliye katikati unabaki unacheka peke yako. Nilizibadilishanisha, kushoto kulia, kulia kushoto, nikarudia, nikarudia tena, na kila mara mshangao ulikuja mzimamzima. Mzee naye anatikisa kichwa tu, anafurahi.

Ngoja nikueleze ni kitu gani hiki, maana najua wengine hamjawahi hata kusikia kwamba Katanga ilikuwa na dhahabu yake yenyewe ya sarafu. Tarehe 11 Julai 1960, Kongo ikiwa haijatimiza hata majuma mawili ya uhuru wake, Moïse Tshombe alisimama Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, akatangaza kwamba Katanga inajitenga. Januari 1963 yote yalikuwa yamekwisha. Nchi iliyodumu miaka miwili na nusu tu! Lakini katika muda huo ilijipatia bendera, stempu, noti, benki yake ya taifa, na mwaka 1961 ikatoa sarafu: faranga 1 na faranga 5 za bronzi za kununulia vitu, na juu yake, kwa raha zake, faranga 5 ya dhahabu.

Mwaka 1961 si mwaka mwepesi, nalisema hilo bila kuzunguka. Tarehe 17 Januari mwaka huo Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa huko huko Katanga, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mzee aliutaja mwaka huo akanyamaza, nami sikumhimiza. Mtu anaweza kuipenda sarafu hii kufa na kupona, ninavyoipenda mimi, bila kuisafisha serikali iliyoitoa. Dhahabu ina uzuri wake, na mwaka una damu yake. Vyote viwili viko mle.

Sasa twende kwenye uzuri wenyewe, maana nitapasuka!

Kwenye sarafu ya dhahabu wewe ungetegemea kuona nini? Mfalme, si ndiyo? Kichwa cha mtu mkubwa, shingo ndefu, ndevu zimechanwa. Ulaya ya karne ya 19 ndivyo ilivyokuwa: Denmark walikuwa na kroner 20 zao za dhahabu na kichwa cha mfalme Christian IX, Waingereza wakawa na pauni zao za malkia Victoria, na kila kiti cha enzi kilijitahidi kumweka mwenye kiti kwenye dhahabu ili watu wasimsahau hata wakilala. Huku kwetu Sultani Barghash wa Zanzibar naye aliagiza riale zake za dhahabu, za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, adimu mno, adimu kupita maelezo! Yeye hakuweka sura, aliweka jina lake kwa hati ya Kiarabu. Haya. Katanga waliweka nini?

Ndizi!

Mkungu wa ndizi, rafiki yangu! Mkungu mzima wa ndizi, umeshiba, umenenepa, vichane vimepandiana, kwenye dhahabu! Nilipiga kelele. Sikujizuia, na kwa nini nijizuie? Nilipitisha kidole gumba juu yake, polepole, nikazihisi ndizi moja moja zilivyoinuka, mviringo wa kila moja, kibonde kati ya hii na ile, na ulaini! Dhahabu haikwaruzi. Bronzi ya pembeni ukiipapasa inakujibu kwa ukavu fulani, lakini dhahabu inateleza chini ya ngozi kwa upole ambao sijauona kwenye chuma chochote. Na joto! Ilipotua ilikuwa ya baridi, kisha mara moja, kabla hata sijamaliza kushangaa, ilikuwa imeshakuwa na joto la mwili wangu, nikawa sijui tena kiganja kinaishia wapi na sarafu inaanzia wapi. Watu wenye akili zao waliketi wakaulizana tuweke nini kwenye kitu chetu cha thamani kuliko vyote, wakasema tuweke chakula kinachoota nyuma ya nyumba ya kila mtu. Mimi nasema walichagua vizuri, tena vizuri ajabu. Mfalme anakufa. Mgomba unachipua.

Nikainusa pia. Ndiyo, niliinusa! Shaba na bronzi ukizishika kwa jasho la mkono zinakuachia ile harufu kali vidoleni, unaijua, ile ya funguo za zamani. Nikanusa vidole vya kushoto: ipo. Nikanusa vya kulia: hakuna kitu. Hakuna kabisa! Dhahabu imepita mkononi mwangu na haikuacha hata dalili. Hilo nilikuwa nimelisoma, lakini kulijua kwa pua yako mwenyewe ni habari nyingine kabisa.

Na bado! Geuza upande wa pili. Geuza, geuza!

Upande wa pili kuna msalaba. Usidhani ni wa kanisani. Huu ni ule msalaba wa shaba wa Katanga, wenye mikono minne iliyonenepa na kupanuka miishoni, ambao kwa karne nyingi, kabla mmisionari yeyote hajakanyaga huku, ulikuwa ndiyo pesa. Pesa! Shaba iliyoyeyushwa na kumiminwa ikapewa umbo hilo, ikabebwa na wapagazi, ikanunua nguo, shanga, chumvi, bunduki, ikatolewa mahari, ikalipwa fidia. Waakiolojia walipofukua makaburi ya Sanga, kandokando ya ziwa Kisale kule Upemba, waliikuta misalaba ya aina hiyo, mingine midogo mno, imezikwa na wenyewe. Yaani kwenye dhahabu hii ya kisasa ya 1961 wamechora pesa ya mababu. Pesa juu ya pesa! Nilipolielewa hilo nywele zilinisimama mikononi, nami nikamwonyesha mzee mikono yangu ili aone mwenyewe.

Naye, bila kusema neno, akaingia ndani, akarudi na kitu kimefungwa kwenye kitenge kilichofifia. Akakifungua. Msalaba wenyewe! Wa shaba, wa kweli, mkubwa, umepita upana wa kiganja changu, wa kahawia iliyoiva, na kwenye mikunjo umeshika ukungu wa kijani. Huu nao niliushika. Mzito, mkali kwenye kingo, mgumu, umeparuza vidole vyangu kwa sababu ulimiminwa kwenye kalibu ya mchanga na mchanga ukaacha alama zake humo humo. Sarafu ya dhahabu inakubembeleza, msalaba unakukamata. Nikaiweka sarafu juu ya msalaba, picha juu ya kitu chenyewe, tukawa tunatazama tu, mimi na mzee, na nje boti inanguruma ikielekea Isokwe.

Hapa lazima nikae kidogo, maana utengenezaji wa misalaba hii ni hadithi tamu sana na watu hawaijui. Waliokuwa wakiifanya walikuwa chama cha mafundi, na Katanga waliitwa walaji wa shaba. Jina gani hilo! Walisubiri kiangazi, kazi za shamba zikiisha, wakaenda vilimani kuchimba yale mawe ya kijani, malakiti, yale mazuri ambayo siku hizi wanachonga vipuli na vinyago vya kuuza. Wakachoma makaa. Wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo wa mchwa unastahimili moto, nani aligundua hilo wa kwanza jamani apewe taji! Wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi, wakavukuta, wakavukuta, na kulikuwa na miiko yake na dawa zake na wakuu wake, maana kuyeyusha jiwe la kijani likatoa mto mwekundu si jambo la mchezo. Ukipata nafasi, chukua kipande cha malakiti mkono mmoja na msalaba wa shaba mkono mwingine, ujaribu kuamini kwamba kimoja kilizaliwa na kingine. Mimi nimejaribu. Akili inakubali, macho yanagoma.

Na safari ya shaba hiyo ilipita wapi? Hapa! Hapa hapa kwetu! Ndiyo maana siwezi kutulia! Ukitoka Nchelenge ukashuka kusini kwa barabara inayofuata bonde la Luapula unafika nchi ya Mofwe, wangwa ule wa maji na matete ambao Mwata Kazembe mmoja baada ya mwingine walijenga miji yao jirani yake. Wafalme wa Kilunda, waliotoka magharibi, wakavuka Luapula katika karne ya 18 na kukaa. Wakuu wa Katanga, walioketi juu ya shaba yenyewe, walimtambua Mwata kuwa mkubwa wao, na shaba na chumvi zilivuka mto kuja kwake zikiwa kodi. Watu wakaja kutoka pande zote za dunia kutafuta mlango wa Mwata. Mwaka 1798 Mreno Francisco de Lacerda alifika kutoka Tete, akafia huku huku. Baadaye kidogo wakaja wachuuzi wawili Waafrika kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, kwa miguu, kwa MIGUU, wakitokea upande wa bahari ya Atlantiki. Na Novemba 1867 David Livingstone alifika ukingoni mwa Mweru, kisha akaenda kwa Mwata, na alimkuta nani pale? Mohammed bin Saleh, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyekuwa ameshakaa nchi hiyo miaka na miaka. Kiswahili kilikuwa kimeshatangulia!

Unaona ninavyokimbia? Turudi kwenye sarafu. Hapana, ngoja, jambo moja kwanza, la maana kuliko yote niliyosema.

Katikati ya karne hiyo ya 19 alitokea mtu kutoka Unyamwezi, nchi za Tabora, mwana wa mfanyabiashara wa shaba, jina lake Msiri. Akavuka Luapula, akajijenga Bunkeya, akawa mfalme wa Wayeke, akaikata ile kodi ya shaba isimfikie tena Mwata Kazembe, akawa yeye ndiye mwenye misalaba. Mwaka 1891, tarehe 20 Desemba, watu wa msafara wa Stairs, waliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, walimuua kwa risasi huko huko Bunkeya. Sasa sikiliza! Waziri wa mambo ya ndani wa Katanga ya Tshombe, serikali ile ile iliyotoa dhahabu hii, alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri. Mjukuu wake! Na Tshombe mwenyewe alikuwa mtu wa ukoo wa kifalme wa Walunda, watu wa mfalme Mwaant Yav, kule kule alikotoka Mwata Kazembe wa kwanza. Yaani nyumba mbili zilizogombania shaba hii karne ya 19 ziliketi meza moja mwaka 1961, na chini ya serikali yao pesa ya mababu ikagongwa kwenye dhahabu!

Ndiyo maana mimi naiita dhahabu ya kifalme, na asiniambie mtu eti haina mfalme. Inao wengi kuliko zile zenye vichwa. Mfalme wa Denmark kwenye kroner zake ni mmoja, anatazama pembeni, basi. Humu ndani ya mikono minne ya msalaba mdogo wamejaa Mwata, na Mwaant Yav, na Msiri, na walaji wa shaba waliokuwa na ufalme wao wa moto na moshi. Nimeishika hiyo! Wote hao wamelala kiganjani mwangu nami nimevaa kandambili!

Sauti, karibu nisahau sauti! Nilimwomba mzee ruhusa ya kuigonga. Kuidondosha kwenye saruji alikataa, na alikuwa na haki, maana dhahabu ni laini na kingo zake zinaumia haraka. Akaiweka kwenye ncha ya kidole chake, akaichokoza kwa upole kwa ukucha wa mkono wa pili. Tiiiiii... Mlio mwembamba, mrefu, safi, ukapanda ukakaa hewani muda mrefu kuliko ulivyostahili kukaa mlio wa kitu kidogo namna ile. Akafanya vile vile na ya bronzi: ti, ikaisha. Akarudia ya dhahabu. Kuku barazani waliacha kudonoa, nawe ukinibishia nitakupeleka kwa kuku hao.

Na kile kinachonifurahisha kupita kiasi: imeandikwa faranga 5. Tano! Kitu kizito hivi, kizuri hivi, kimeandikwa bei ya kitu cha kununulia sokoni asubuhi. Hakuna mwenye akili aliyewahi kwenda nayo sokoni Kashikishi kununulia samaki, pale au mpumbu, akangoja chenji. Thamani ya dhahabu iliyomo iliipita thamani iliyoandikwa tangu siku ya kwanza, kwa hiyo aliyeipata aliitunza. Ndiyo maana ukiikuta leo mara nyingi ni nzuri mno, haijachoka, ndizi zake bado zimetuna. Pacha wake wa bronzi ndiye aliyefanya kazi. Yeye ndiye aliyelipa nauli, akanunua mkate, akashikwa na jasho la mikono ya watu wa Elisabethville, na sura yake imelika. Nakiri nampenda huyo naye, tena sana. Weka wote wawili pamoja uone: mmoja ameishi, mwingine ametunzwa.

Sasa wewe. Ndiyo, wewe, usijifiche! Ni lazima uishike. Sikubali uishie kunisoma.

Anza na bronzi, maana hizo ziligongwa nyingi na wakusanyaji wanaziuza kwa bei ya huruma kabisa. Ipate moja, ya faranga 1 au 5, uizoee mkononi, uijue uzito wake hata gizani. Kwa sababu siku utakayoletewa "dhahabu ya Katanga" na mtu mwenye maneno matamu, mkono wako ndio utakaokuokoa. Umbo ni moja, kwa hiyo mjanja anaweza kuichovya ya bronzi ikang'aa ikakuzuzua. Lakini uzito hauchovywi! Ikiwa haikushushi mkono ilivyonishusha mimi, mrudishie, mshukuru, ondoka. Na ukiipata ya kweli, ishike kwa kingo, uso wake usiuguse sana (mimi niliugusa, mzee aliniruhusu, usifanye hivyo kwa ya mtu mwingine), na tafadhali, tafadhali, tafadhali usiisugue! Wala majivu wala dawa ya meno wala ndimu. Rangi ile ya kukolea ndiyo yenyewe, ukiisugua umeiharibu milele na mtu mwenye macho atakuambia.

Msalaba wa shaba utauona kwenye makumbusho ya taifa ya Lubumbashi, na ukiweza kufika hapo simama mbele yake usiharakishe. Lakini mimi ningekuwa wewe ningepanga kuja mwishoni mwa Julai, kwenye sherehe ya Mutomboko, huko Mwansabombwe. Mwata Kazembe anatoka, ngoma zinapigwa mpaka ardhi inakuingia miguuni, umati unasongamana, vumbi limepanda, naye anacheza na upanga na shoka. Hapo utamwona kwa macho yako mfalme wa ukoo ule uliopokea shaba ya Katanga, mzima, wa damu na jasho, hayuko kwenye sarafu yoyote. Ukimaliza panda basi uje Nchelenge, tutakula pale wa kuchoma, nami nitakuombea kwa mzee. Sikuahidi, maana mali si yangu, lakini nitapiga magoti kwa niaba yako.

Na bado, na bado! Nilipokuwa naaga aliniambia kwamba ng'ambo, mjini Kilwa, upande wa Kongo, ana ndugu yake aliyehifadhi noti za Katanga, za Tshombe, zimekunjwa ndani ya Biblia, za rangi kali ambayo haijafifia. Noti! Karatasi ya nchi isiyokuwepo tena! Nimeshamuuliza mwenye boti. Akipata mafuta tunavuka alfajiri, kabla upepo haujaamka. Niambie leo leo kama nikushikie nafasi, na uje na koti, maana ziwa asubuhi lina baridi kali kweli kweli.